Hati ya mahitaji ya kompyuta: mchoro usomwe pamoja na maandishi yake

MWEZI Machi mwaka 1993 Soko la Hisa la London lilitangaza kuufuta mradi wake wa kompyuta uliojulikana kwa jina la TAURUS, baada ya kuuhangaikia kwa miaka kadhaa na kuutumbukizia fedha zilizokadiriwa kufikia pauni milioni 75. Mabenki, madalali na makampuni mengine ya jiji hilo nayo yalikuwa yamekwisha kutumia fedha kujiandaa kuupokea. Makadirio yaliyotajwa sana wakati huo yaliweka hasara ya wote kwa jumla kwenye pauni milioni 400. Mtendaji Mkuu wa soko hilo, Peter Rawlins, alijiuzulu.

Lengo la TAURUS lilikuwa rahisi kulitamka: kuondoa vyeti vya hisa vya karatasi na kuhamisha umiliki kwa kompyuta. Tatizo ni kwamba kila kundi lilikuwa na TAURUS yake kichwani. Madalali walitaka kasi. Watunza rejista za hisa, ambao riziki yao ilitokana na karatasi zile zile, hawakutaka kuachwa nje, na usanifu ukabadilishwa na kubadilishwa tena ili kila mmoja apate nafasi. Ujenzi ulianza kabla mahitaji hayajatulia. Benki Kuu ya Uingereza ilipoichukua kazi hiyo ilichora mfumo mwembamba zaidi, CREST, ambao uliacha cheti cha karatasi kiendelee kuwepo kwa anayekitaka. Ulianza kazi Julai 1996.

Hakuna anayeweza kusema TAURUS ilikufa kwa kukosa michoro. Miradi ya ukubwa ule huwa na michoro ya kujaza makabati. Kinachomhusu mfanyabiashara wa kwetu ni kwamba mfumo wa kompyuta huanza kuharibika ukiwa bado karatasi, na karatasi hizo huwa za aina mbili: zenye visanduku na mishale, na zenye maneno. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza biashara Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, mambo yalifanywa kwa sauti na kwa mkono. Mwaka 2006 Nairobi na Dar es Salaam yote mawili yaliingia kwenye mitambo ya kompyuta. Leo ushirika wa kahawa, chama cha kuweka na kukopa, wakala wa bima na mwenye ghala la mazao wote wananunua mifumo, na mara nyingi anayetia saini hati ya mahitaji ni mhasibu au meneja ambaye hajasomea kompyuta hata siku moja.

Meneja huyo huletewa kitabu. Kurasa za mbele zina michoro ya kupendeza, yenye rangi. Kurasa za nyuma zina vifungu mia mbili vya maandishi. Aghalabu huitazama michoro, hutikisa kichwa kukubali, huruka vifungu na kusaini. Miezi minane baadaye huambiwa kwamba anachokidai hakikuwemo kwenye mkataba, na kwamba kukiongeza ni malipo mengine.

MAJALADA MAWILI YA NDEGE YA KIVITA

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili hakikutoka sokoni. Kilitoka Israel mwaka 1983, ambako kiwanda cha ndege cha taifa hilo kilikuwa kikitengeneza ndege ya kivita iliyoitwa Lavi. Wataalamu wake wa mitambo ya ndani ya ndege walikuwa wakijuana vizuri na kazi yao. Lakini walishindwa kuelewana na waandishi wa programu kuhusu jinsi ndege inavyotakiwa kujibu kila rubani anapobonyeza kitufe. Walimwita David Harel, mwanahisabati wa Taasisi ya Weizmann, awasaidie siku moja kila wiki.

Harel alikabidhiwa hati ya mahitaji yenye majalada mawili manene. Baadaye alieleza kwamba alipouliza swali moja tu, kwamba kitufe fulani kikibonyezwa ndege ikiwa katika hali fulani nini hutokea, jibu lilipatikana kwenye ukurasa mmoja, na jibu tofauti likapatikana kwenye ukurasa mwingine wa hati ile ile. Hakuna aliyekuwa mzembe. Kila kifungu kilipoandikwa kilikuwa na maana. Kasoro ni kwamba maandishi husomwa mstari baada ya mstari, na vifungu viwili vinavyogongana vikitenganishwa na kurasa 300 haviwezi kuonana.

Katika maelezo yake hayo alitoa pia mfano wa hati ya kiwanda kikubwa cha kemikali. Sehemu moja ilisema mtambo ukitoa ishara ya joto, mwendeshaji aarifiwe. Sehemu ya mbali zaidi ikasema aarifiwe endapo ishara imetoka na joto limezidi nyuzi 60. Muhtasari wa mwisho ukaleta la tatu: joto likifikia kilele ujumbe uonekane kwenye skrini, isipokuwa kama hakuna mwendeshaji, ila tu pale joto linapokuwa chini ya nyuzi 60. Mwandishi wa programu akabidhiwe vifungu hivyo vitatu, afuate kipi? Atafuata alichokisoma kwanza, na atakuwa na haki.

Harel alianza kwa kuandika upya tabia za ndege kwa maandishi yaliyopangwa vizuri. Pembeni ya maandishi hayo akawa anachora visanduku ili kujieleza kwa wahandisi. Baada ya muda aligundua kwamba wahandisi wanatazama mchoro na kuyaacha maneno, tena wanaurekebisha wenyewe kwa kalamu. Ndipo akaubadili mpango: mchoro ukawa mbele na maneno yakawa nyuma yake. Kutokana na kazi hiyo alichapisha mwaka 1987 mtindo wake wa michoro ya hali, ambao kila kisanduku ni hali ambayo kitu kinaweza kuwamo na kila mshale ni tukio linalokitoa hali moja kukipeleka nyingine. Serikali ya Israel iliufuta mradi wa Lavi mwaka huo huo wa 1987. Mchoro ukabaki, ukaingizwa katika lugha ya michoro ya UML iliyopitishwa rasmi mwaka 1997, na ndio huo wauzaji wa mifumo wanaouleta maofisini mpaka leo.

MSHALE UNAWEZA KUDANGANYA

Mtu asidhani kwamba dawa basi ni kuchora kila kitu. Mchoro una udanganyifu wake, na ni mbaya kuliko wa maandishi kwa sababu unapendeza machoni.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mmarekani Tom DeMarco na wenzake walieneza mchoro wa mtiririko wa taarifa. Duara ni kazi inayofanyika, mistari miwili sambamba ni mahali taarifa zinapotunzwa, na mshale ni taarifa zinazosafiri. Walikuwa wamechoshwa na hati ndefu za maneno matupu, ambazo katika fani hiyo zilikuja kutaniwa kuwa ni riwaya za enzi ya Malkia Victoria. Mchoro wao ulipata umaarufu mkubwa, na watu wengi wakausoma vibaya. Katika mchoro ule mshale hausemi kazi ipi inatangulia. Unasema tu kwamba taarifa hii inatoka hapa inaenda pale. Meneja anayeona duara la "Hakiki malipo" likiwa kushoto na duara la "Toa mzigo" likiwa kulia huamini kwamba mfumo hautatoa mzigo kabla ya kuhakiki malipo. Mchoro haujaahidi hivyo! Kama sharti hilo halikuandikwa kwa maneno mahali fulani, mzigo unaweza kutoka.

DeMarco mwenyewe hakuuacha mchoro wake peke yake. Aliuambatanisha na vitu viwili vya maandishi. Cha kwanza ni kamusi ya taarifa, ambamo kila jina lililoandikwa juu ya mshale linaelezwa lina nini ndani yake. Cha pili ni maelezo mafupi kwa kila duara la ngazi ya chini kabisa, yasiyozidi ukurasa mmoja hivi. Namba ndizo zilizoviunganisha. Duara namba 3 likifunguliwa hutoa mchoro wenye 3.1, 3.2 na 3.3, na 3.2 likiwa halifunguliki tena lina maelezo yake yenye namba hiyo hiyo ya 3.2. Msomaji anaweza kutoka kwenye mchoro kwenda kwenye maneno na kurudi bila kupotea.

ODA YA HISA ELFU MOJA

Chukua mfano wa kubuni wa dalali mdogo wa hisa anayetaka programu ya kupokea oda za wateja. Muuzaji wa mfumo ameandika kifungu kisemacho kwamba mteja ataweza kufuta oda wakati wowote kabla haijatekelezwa, na kingine kisemacho kwamba kamisheni ni asilimia 1.5 na ada ya chini ni shilingi 5,000 kwa kila muamala. Vifungu hivyo vinasomeka vizuri. Mtu angevisaini.

Sasa vichorwe kwa mtindo wa hali. Oda imepokelewa, imehakikiwa, iko sokoni, imetekelezwa, imelipwa. Pembeni kuna visanduku viwili vya kuishia: imefutwa, na imekwisha muda. Mteja anauza hisa 1,000 kwa shilingi 500. Siku ya kwanza anapatikana mnunuzi wa hisa 400. Kidole cha msomaji kiko kwenye kisanduku gani? Hakiwezi kuwa kwenye "iko sokoni" peke yake, na si "imetekelezwa". Kisanduku hakipo, na mchoro umelionyesha pengo hilo kwa dakika moja, pengo ambalo vifungu viwili vilikuwa vimelifunika.

Kikiongezwa kisanduku cha "imetekelezwa kwa sehemu", maswali hujileta yenyewe. Je, kuna mshale kutoka hapo kwenda "imefutwa"? Kama upo, kinachofutwa ni hisa 600 zilizobaki, na zile 400 zinaendelea kwenda kwenye malipo, kwa hiyo oda moja iko mahali pawili. Muda wa oda ukiisha ikiwa nusu, nani anaarifiwa? Hapa ndipo thamani ya mchoro ilipo: kila kisanduku humlazimisha mwenye mali aulize matukio yote yanayoweza kukifikia. Maandishi hayamlazimishi mtu kitu. Hutaja aliyoyakumbuka mwandishi.

Lakini mchoro huo huo hauna habari na fedha. Tuseme hisa 600 zilizobaki zinauzwa siku ya pili kwa wanunuzi wawili, mmoja 350 na mwingine 250. Dalali atamtoza mteja kiasi gani? Ikiwa "muamala" maana yake ni oda nzima, mauzo ni shilingi 500,000 na kamisheni ni shilingi 7,500. Ikiwa maana yake ni kila mnunuzi aliyepatikana, hesabu za asilimia 1.5 ni shilingi 3,000, shilingi 2,625 na shilingi 1,875. Zote tatu ziko chini ya ada ya chini, hivyo kila moja inapandishwa kuwa 5,000 na mteja analipa 15,000. Ikiwa maana yake ni mauzo ya siku moja, siku ya kwanza ni 3,000, ya pili ni 4,500, nazo zinapandishwa, jumla 10,000.

Oda moja, kifungu kimoja, bili tatu. Mteja aliyetozwa 15,000 badala ya 7,500 hatapanda ngazi kuja kuulizia maana ya muamala, atakwenda kwa dalali mwingine. Hakuna mshale duniani unaoweza kuzuia jambo hilo. Linazuiwa na mstari mmoja katika kamusi ya hati: "Muamala ni oda nzima ya mteja, hata ikitekelezwa kwa sehemu nyingi au kwa siku nyingi." Baada ya mstari huo, neno hilo halipaswi kutumika kwa maana nyingine popote katika kitabu, wala kubadilishwa kuwa "biashara" au "mauzo" kwa ajili ya kupendezesha lugha. Walimu wa insha hufundisha kutorudia neno. Kwenye hati ya mahitaji, rudia.

MASHARTI YAKIWA MENGI

Yapo masharti ambayo hayakai vizuri kwenye mchoro wala kwenye sentensi. Mteja anaruhusiwa kufuta ikiwa oda iko sokoni na soko liko wazi, au ikiwa imetekelezwa kwa sehemu na muda haujaisha, lakini si kama kuna notisi ya kusimamisha kampuni hiyo, isipokuwa... Hapo msomaji amekwisha kuchoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kikundi cha Profesa Nancy Leveson wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, kilikabiliwa na masharti ya aina hiyo, makali zaidi, kilipoandika mahitaji ya TCAS II, mtambo unaozuia ndege za abiria kugongana angani. Walichukua michoro ya hali ya Harel. Walipojaribu kuandika masharti ya mishale kwa alama za mantiki za kihisabati, wataalamu wa anga waliotakiwa kuyahakiki walishindwa kuyasoma. Wakabuni jedwali. Kila safu mlalo ni sharti moja kwa maneno ya kawaida. Kila safu wima ni njia moja ya kufanya jibu liwe ndiyo, na ndani yake kuna alama tatu tu: kweli, si kweli, au nukta kwa maana ya haihusu. Rubani na mhandisi wakaweza kuweka kidole kwenye safu wima moja na kusema hii si sahihi. Dalali wa hisa anaweza kulitumia jedwali hilo kama lilivyo, hata kwa penseli na karatasi ya mistari.

KILA JAMBO NA MAHALI PAKE

Kosa linalogharimu sana katika kuunganisha mchoro na maandishi ni kuandika jambo moja mara mbili. Mchoro unaonyesha siku tatu za malipo, kifungu namba 61 kinasema siku tano. Mara nyingi chanzo chake si ujinga. Michoro ilichorwa na mtu mmoja, vifungu vikaandikwa na mwingine, kikao cha Jumatatu kikabadili siku, na aliyekuwa na mafaili ya michoro alikuwa likizo. Basi mgawanyo ukubaliwe tangu mwanzo. Mpangilio, hali na nani anampa nani nini vikae kwenye mchoro. Viwango, tarehe, asilimia, muda na maana za maneno vikae kwenye maandishi. Juu ya mshale iandikwe namba ya kifungu, si tarakimu yenyewe. Kiwango kikibadilika panarekebishwa mahali pamoja tu.

Mkataba nao useme kipi kinashinda endapo vitapingana. Wanasheria huweka sharti la jumla kwamba maandishi yanashinda daima. Sharti hilo linamfaa muuzaji wa mfumo, kwani mchoro ndio uliomshawishi mnunuzi. Ni afadhali kusema mchoro unashinda katika mpangilio na hali, maandishi yanashinda katika viwango na masharti, na mgongano wowote ukigundulika urekebishwe kwa gharama ya aliyeandaa hati. Wauzaji wengine watakataa sharti la mwisho. Kukataa kwao ni habari ya kutosha.

Kila ukurasa, wa mchoro na wa maneno, uwe na namba ya toleo na tarehe. Hili ni dogo, lakini kesi hupotea hapo.

Kuhusu gharama, Barry Boehm, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu uchumi wa utengenezaji wa programu, alionyesha kwamba kosa la mahitaji likigunduliwa baada ya mfumo kukabidhiwa linaweza kugharimu hata mara 100 ya kulirekebisha likiwa bado kwenye karatasi, kwa miradi mikubwa. Kwa miradi midogo alitaja mara 4 hadi 6. Watafiti waliomfuata wamezibishia tarakimu hizo, na huenda zile 100 hazimhusu dalali wetu. Lakini hata mara nne inatosha kumnyima usingizi aliyekopa benki ili anunue mfumo.

Kabla ya kusaini, meneja achukue mafaili matano ya kweli ya mwezi uliopita: oda iliyokwenda vizuri, iliyofutwa, iliyotekelezwa nusu, iliyocheleweshwa malipo, na ile iliyoleta ugomvi. Amwite karani anayezifanya kazi hizo kwa mikono yake, si mkuu wake. Muuzaji wa mfumo akae kimya. Karani aitembeze kila oda kwa kidole kwenye mchoro, kisanduku hadi kisanduku, na kila anapopita kwenye mshale mtu mwingine afungue kifungu chenye namba hiyo na kukisoma kwa sauti. Kidole kinapokosa pa kwenda, au kifungu kinapokosekana, iwekwe alama ya kalamu nyekundu. Kazi hiyo huchukua alasiri moja. Alama zikizidi kumi, tarehe ya kusaini isogezwe mbele, hata kama chakula cha hafla kimekwisha kuagizwa.